Kilicho Chini ya Kigae

1

Vigae vya Furahini vilifika saa mbili asubuhi, vimelala kwenye bakuli la kioo lenye mate yake mwenyewe, na vilikuwa vinapumua.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, na mpaka leo bakuli likifunguliwa mimi husimama kwanza. Watu wanadhani daktari wa meno huzoea. Nani kasema? Vigae kumi, kila kimoja chembamba kuliko ganda la kitunguu, vyeupe, na ukiinama karibu unaona kimoja kinajikunja kidogo, kinajinyoosha, kinatafuta jino. Vimeoteshwa kitaluni kwa wiki tisa kutoka kwenye chembe za shavu lake. Vinamjua yeye tu. Vikishatoka kitaluni vina saa sita za kuishi. Ikifika saa nane mchana havijashika jino, vinageuka unga.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Si ulisema nisile?"

"Nilisema usile. Chai sikuitaja."

Akacheka, na kama kawaida yake mkono ukapanda kuziba mdomo kabla kicheko hakijatoka. Amefanya hivyo tangu akiwa darasa la kwanza. Furahini ni mtoto wa mdogo wangu Eliwaza, ambaye ni marehemu, na mimi ndiye mama mkubwa niliyebaki. Ana miaka ishirini na sita. Ni fundi wa machujio ya maji hapa hapa mjini kwetu, na Jumamosi ilikuwa sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Wakwe walikuwa wanatoka Shinyanga, basi zima, na hakutaka wamwone na meno yale.

Niseme wazi kuhusu meno yale. Sisi ni watu wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, na jina hilo si utani. Maji ya mlimani kwetu yana floraidi nyingi. Ukiyanywa ni matamu tu, lakini jino la mtoto linapojengwa chini ya ufizi linayameza yote, na siku likitokeza linatokeza na rangi ya kahawia. Zamani ukikutana na mtu Mbeya au Lindi akafungua mdomo, hukuwa na haja ya kumuuliza kwao. Wazee walijivunia. Jino jeupe ni la mgeni, walisema. Sasa maji yanachujwa, huu ni mwaka wa ishirini, na watoto wanaozaliwa wana meno ya wageni. Furahini yuko katika kundi la mwisho la wenye rangi ya kwetu.

Ila ya kwake ni mabaya kuliko ya wengine, kwa sababu yana rangi mbili. Nchani ni meupe kabisa, meupe ya kushangaza, halafu theluthi ya juu, karibu na ufizi, ni kahawia iliyokolea, na mpaka kati ya rangi hizo umenyooka. Shuleni walimwita Bendera. Mimi mwenyewe, daktari mzima, nilikuwa nikimwambia kwamba aliugua homa utotoni, ndiyo ikamharibia. Nilijua nini mimi?

"Kaa hapo," nikamwambia. "Kabla sijakugusa, nikuambie nilichokiona kinywani mwangu mwezi uliopita."

"Sheria inakulazimisha, eh?"

"Sheria inanilazimisha kukuambia madhara kwa maneno yangu mwenyewe. Basi nyamaza nikuambie."

Nilipandikiziwa vigae nikiwa na miaka ishirini na mbili, katika kundi la kwanza kabisa mkoani. Vilikuwa maajabu. Ukipata ufa asubuhi, jioni umejiziba wenyewe. Nilikuwa na mwanya mzuri, wa kuitiwa jina, na mtambo uliochora vigae vyangu, ulioundwa na watu wasiojua mwanya ni nini, ukauona ni kasoro, ukauziba. Nililia siku moja, nikasahau, maana nilikuwa mweupe. Sasa kigae hai kinakula mate. Mate ya kijana yanakitosha, yana madini tele. Mtu akikaribia hamsini mate yanapungua nguvu, na kigae hakijui kufunga. Kinageuka nyuma. Kinaanza kulila jino lililokibeba.

"Ukiniona hivi natabasamu kama binti," nikamwambia. "Kwa ndani jino langu limebaki kama karatasi ya daftari. Maji baridi sijanywa tangu mwaka jana. Ulidhani naringa?"

"Si uvitoe."

"Nikivitoa chini hakuna kitu, Furahini. Ili kigae kishike, tunasaga kwanza gamba la jino lako, nusu milimita, mbele yote. Na gamba la jino halioti tena, si kama kucha. Likisagwa limesagwa. Ukishaanza na vigae unakufa na vigae."

Alikuwa anaangalia bakuli.

"Hivi vyangu ni kizazi cha nne," akasema. "Wanasema wamerekebisha."

"Wanasema. Kigae cha kwanza kabisa cha kizazi hicho kina miaka sita. Uliza tena baada ya miaka ishirini."

"Mama mkubwa." Sasa aliniangalia mimi. "Umecheka miaka ishirini na minane bila kuziba mdomo. Mimi sijacheka hivyo hata siku moja. Kwenye kila picha nimefumba midomo kama niko polisi. Mihambo ameniposa na bado nikicheka naye nageuka ukutani. Ukiniambia nitapata miaka ishirini na mitano halafu yaharibike, mimi naichukua, tena nashukuru. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Mdomo ni wake, na alichokisema kilikuwa kweli tupu. Aliweka kidole chake kwenye kibao cha ridhaa, nikaenda kunawa mikono.

2

Kabla ya kusaga lazima jino lipigwe picha. Zamani ilikuwa picha ya umbo tu, ili kigae kikae sawasawa. Mwezi mmoja kabla ya siku ile tuliletewa mtambo mpya ambao wagonjwa wameshaupa jina, Kisoma Siku, na huo hauishii kwenye umbo.

Nieleze kidogo. Jino halijengwi kwa mkupuo. Linajipaka gamba lake kama fundi anayepaka ukuta chokaa, mkono mmoja kila siku, kisha linapumzika. Kila siku ya utoto wako imeacha tabaka lake mle, na tabaka haliondoki mpaka uzeeni. Siku uliyoshiba ni tabaka nene. Siku uliyoumwa ni jembamba. Siku uliyozaliwa ina mstari wake mzito kwenye gego la kwanza, kwa sababu mwili ulishtuka kuliona jua. Mtambo unaanzia kwenye mstari huo, unalinganisha jino na jino, unahesabu. Nilipoona mara ya kwanza nilikaa chini. Miaka yote ile nimekuwa nikisaga hivi vitu kwa mashine, naosha, nasema "tema mate", na kumbe mkononi nilikuwa na shajara za watu.

Utaratibu wa kliniki yetu ni kwamba usomaji ni mali ya mgonjwa, akiuliza. Asipouliza tunaufuta, tunaanza kusaga. Wengi hawaulizi.

Furahini alilala kwenye kiti, amevaa miwani myeusi, masikioni anasikiliza kwaya atakayoingia nayo ukumbini Jumamosi. Kidole chake cha mguu kilikuwa kinafuata mdundo. Nikawasha mtambo.

Nikaona mstari wa kuzaliwa kwake. Nikamwona akiwa na siku moja, siku mbili, siku kumi. Matabaka safi, manene, yamepangana vizuri, mtoto anayenyonya na kushiba. Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na matabaka matano membamba, nikakumbuka kabisa, ilikuwa surua, na Eliwaza alimbeba mgongoni wiki nzima hakumweka chini. Mdogo wangu amelala kaburini miaka ishirini na tatu, na hapa palikuwa na wiki yake moja, haijaguswa.

Nikaendelea kusoma, na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu kisichowezekana.

Floraidi haikuwepo. Mwaka wa kwanza, nikasema sawa, maziwa ya mama hayaipitishi, hata mama akinywa maji ya mto mzima. Hilo tunalifahamu. Lakini mtoto akifika miezi sita anaanza uji, na uji unapikwa kwa maji, na maji yetu ni yale yale. Tena kwetu maharage na makande yanalainishwa kwa magadi, na magadi yana floraidi kuliko hata maji. Nimeshasoma midomo sitini ya watu wa hapa tangu mtambo ufike. Wote, bila kumbakiza mmoja, kahawia inaanza mwezi wa saba au wa nane. Huyu alifika mwaka hajapata tone. Mwaka na nusu hajapata tone. Miaka miwili, nyeupe. Nilipangusa kioo cha mtambo nikidhani umeharibika.

Mtambo ulihesabu mpaka siku ya mia tisa sabini na nne. Hapo palikuwa na mstari mweusi, mzito kuliko hata wa kuzaliwa. Baada yake matabaka matatu ambayo ni kama hayapo, mtoto ambaye hali. Na siku ya mia tisa sabini na nane, kahawia ikaingia yote kwa pamoja. Haikutoka tena.

Miaka miwili na miezi minane. Sikuhitaji mtambo kuniambia siku ya mia tisa sabini na nne ilikuwa siku gani. Eliwaza alianguka sokoni asubuhi, mshipa wa kichwa ulipasuka, hakufika hospitali. Tulimzika siku ya nne.

Nikazikumbuka ndoo.

3

Mdogo wangu alikuwa na ndoo tatu zenye mifuniko, zimewekwa chini ya gata la nyumba, na hazikuguswa na mtu. Maji ya mvua. Ya mtoto tu. Masika alijaza madumu mpaka chini ya kitanda ili yafike kiangazi. Ukoo mzima tulimcheka. Tulimwita Mama Mvua. Mama yetu mzazi alikasirika kweli, akaona mwanawe anayadharau maji yaliyomkuza, na mbaya zaidi mtoto ana miaka miwili na nusu bado ananyonya, anakuja mbio na miguu yake anafunua blauzi. Jambo la aibu kwetu. Tukamkalisha kikao, mimi nikiwa msemaji maana ndiye niliyesoma.

Nakumbuka nilichomwambia. Nilikuwa na vigae vyangu mdomoni, vinameta. "Eliwaza, acha kujitesa na ndoo. Akikua nitambandika vigae kama vyangu. Hii dunia ya sasa jino si kitu cha kulilia."

Yeye akanijibu taratibu, "Dada, vyako vimebandikwa. Mimi nataka awe na yake."

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi na bomba lilikuwa limekata. Masufuria ya msiba yalirundikana yana ukoko. Nikatafuta maji, nikaziona zile ndoo, nikafunua, nikaoshea masufuria. Zote tatu. Jioni maji ya bomba yakarudi, bibi yake akampikia mtoto uji wa nguvu kwa hayo, kwa upendo wote, na mtoto kwa mara ya kwanza baada ya siku nne akala. Sote tukamshukuru Mungu.

Hiyo ndiyo siku ya mia tisa sabini na nane.

Kioo kikaandika kama kinavyoandika kwa kila mgonjwa: Usomaji umekamilika. Ufutwe?

Sitajisingizia utakatifu. Ilikuwa saa tano kasorobo, mashine ya kusaga iko mkononi, na nilijua kwamba dakika arobaini tu zikipita hakuna binadamu atakayejua. Furahini ataondoka anacheka, kama alivyotaka. Na nilikuwa na hoja nzuri, si ya woga peke yake. Mtu mzima ameshaamua. Nikimwambia sasa, je, namwambia ukweli au namfunga kamba shingoni? Nani atasema "saga" baada ya kusikia habari kama hiyo? Nilisimama na hoja yangu, nikaiona ni nzuri mno, na hapo nikaanza kuitilia shaka.

Akavua kisikilizio kimoja. "Mbona huanzi? Unaogopa wewe?" Akatabasamu, mkono umeshapanda. "Mama angekuwepo leo angefurahi, eh? Aone nimekuwa mzuri."

Nikaweka mashine chini.

"Furahini, keti. Vua miwani."

Nikamgeuzia kioo. Nikamwonyesha siku aliyozaliwa. Nikamwonyesha wiki ya surua. Nikamweleza weupe ni nini. Yeye ni fundi wa maji, sikuhitaji kueleza mara mbili; nilimwona anaelewa kabla sijafika, macho yakaanza kumtoka. Halafu nikamweleza ndoo, na kikao, na nilivyosema, na masufuria ya msiba. Sikuruka kitu. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ndoo zilikuwa za rangi gani?"

"Mbili bluu. Moja ya njano, iliwahi kuwa ya rangi ya mafuta."

"Ukamwaga zote?"

"Zote."

"Na ulimcheka."

"Nilimcheka. Tulimcheka wote, ila mimi nilimcheka kwa sababu nilikuwa na hivi." Nikagusa meno yangu.

"Miaka ishirini na tatu unaniambia ni homa."

"Nilidhani ni homa. Nimejua leo, saa nne na nusu, umelala hapo."

"Ungeweza kufuta."

"Ningeweza."

Akasimama, akaenda dirishani, akarudi. "Umeniharibia siku, mama mkubwa. Nimeingia hapa najua ninachokitaka." Alilia kwa hasira, na nilimwacha alie, maana alikuwa na haki. Nilitaka kumkumbatia nikaona sistahili, nikakunja mikono yangu kwenye aproni.

"Nipe kioo cha mkono," akasema baadaye.

Nikampa. Akainua mdomo wa juu kwa kidole, akayaangalia meno yake karibu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuyaangalia bila kuyachukia. Akaweka ukucha kwenye ncha ya jino. Akaupandisha polepole mpaka kwenye mpaka.

"Kwa hiyo mama alifika hapa," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ukisaga, inakwenda wapi?"

"Kwenye kinyonya mate. Kisha bombani."

"Na ya kwako? Ilikuwa imeandikwa nini?"

"Sijui, mwanangu. Ilikwenda bombani kabla watu hawajajua kusoma."

Aliniangalia muda, na hasira ilikuwa bado ipo ila ilikuwa imepata mwenzake. Akavuta kiti akakaa mbele ya bakuli. Nikavuta changu. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Vigae vilikuwa vinahangaika sasa, vinajikunja na kujinyoosha haraka, kumi vyote vikimtafuta yeye aliyekaa karibu kiasi kile. Mara mbili alinyoosha mkono mpaka juu ya bakuli, mara mbili akaurudisha. Ilipobaki robo saa nikamuuliza, kwa sababu ni kazi yangu kuuliza, "Niandae?"

"Subiri," akasema.

Saa nane kamili vikatulia. Kwanza kimoja, pembeni, kikawa kama chaki. Kisha vingine vikafuata, na maji ya bakuli yakageuka meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Nimebandika vigae zaidi ya elfu nne na sikuwahi kukaa kuvitazama vikifa. Vilikuwa vizuri mpaka mwisho. Furahini akabeba mkoba wake akaondoka bila kuniaga.

4

Siku tatu hakupokea simu yangu. Mimi nilifanya nilichopaswa kufanya: niliandika ripoti ya nilichokiona kinywani mwangu, nikaituma kitaluni na kwa wagonjwa wangu wote, jina kwa jina, na wengine walinitukana, na wengine walikuja wamekaa foleni tangu asubuhi wanauliza meno yao yaliandikwa nini. Wengi nililazimika kuwajibu kama nilivyomjibu Furahini.

Jumamosi mchana nilivaa kitenge cha sare nikaenda ukumbini. Nilikaa meza ya nyuma. Kwa mila ya sendofu zetu, binti ndiye anayewatambulisha wazazi wake kwa wageni, na asiye na mama, dada wa mama husimama mahali pake. Nilijua hatanisimamisha, na nilikuja hivyo hivyo.

Furahini aliingia na kwaya yake. Midomo ameifumba. Akamtambulisha baba mdogo aliyemlea, akawatambulisha majirani. Mshereheshaji akasema kwa mbwembwe, sasa tumwone mama wa binti, mama yuko wapi? Watu wa kwetu waliojua wakainamisha vichwa, na jamaa wa Shinyanga wakawa wanageuka huku na huku wanatafuta.

"Mama yupo," Furahini akasema kwenye kipaza sauti. "Amekuja."

Akatabasamu. Mkono haukupanda. Meno yote nje, rangi zote mbili, mbele ya watu mia tatu na kamera. Akaweka kidole kwenye ncha ya jino, akakipandisha mpaka kwenye mpaka.

"Kutoka hapa mpaka hapa, ni yeye. Siku mia tisa sabini na nne. Alinikingia mvua."

Akawaeleza kwa maneno machache, na sijui kama wakwe walielewa yote. Lakini mama yake Mihambo, mama mtu mzima aliyekuwa hamfahamu Eliwaza hata kwa picha, alisimama kwenye kiti chake kama anavyosimama mtu akiingia mkubwa. Meza yake ikasimama. Ukumbi ukasimama. Vigelegele vilichelewa, na vilipokuja vilitoka kwa wanawake wa kwetu wenye umri wangu, wale wale tuliokaa nao kikao kile. Mtu aliyechekwa kwa ajili ya ndoo tatu alikuwa amepokelewa na ukumbi mzima.

Wakati wa keki Furahini hakuanza na meza kuu. Alikuja mpaka nyuma kabisa. Mkononi hakuwa na keki, alikuwa na glasi.

"Mama mkubwa."

"Bee."

"Ya mvua. Nimeikinga juzi. Nilinunua ndoo ya njano."

Nikaipokea. Glasi ilikuwa imetoka jasho kwa ubaridi, na alijua sinywi maji baridi, maana nilimwambia mwenyewe. Alisimama hapo anasubiri, mkono mmoja kwenye bega langu.

Yaliniuma mpaka kwenye masikio. Niliyanywa yote.